Kitanda cha Usiku Mmoja

Pikipiki iliniacha sokoni Miti,
mvua ikanikuta kabla ya kizuizi,
na nilipofika kambini kwa kaka yangu Nshokano
viatu vyangu vilikuwa vimejaa barabara.
Hakusema karibu. Alisema: Vivue,
weka kando ya moto, si juu ya moto.

Nilikuwa nimebeba maneno ya mama
kwenye pindo la kitenge tangu Kadutu:
mwambie mjomba amempatia kazi kiwandani,
mwambie mshahara unatoka kila mwezi,
mwambie mimi sizikii tena.

Tukala viazi na sombe iliyopoa.
Nabintu, mwenzake wa zamu, alifuta bunduki
kama mtu anayemsafisha mtoto masikio.
Nje mianzi iligongana,
ko, ko, kimya, ko.
Nikauliza nani anabisha.
"Baridi," akasema. "Haingoji kufunguliwa."

Kisha Nshokano akaninusa begani.
"Bado unauza makaa?"
Gunia moja moja tu, nikasema,
nanunua kwa watu wa Kavumu,
sijui wao wanayatoa wapi.
Moto ukatema cheche.
Nilijua. Alijua kwamba najua.
Kuna shoka hupigwa usiku ng'ambo ya bonde,
sauti yake hufika kambini imekonda
kama kikohozi cha mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake.
Usiku ule sikuisikia.
Nilikesha nikitega sikio nisiisikie.

Akanieleza habari za wenye msitu:
kila jioni gorila hukunja matawi,
hujitandikia kitanda kipya,
hata kama cha jana kipo palepale, hatua kumi.
Asubuhi huondoka. Hawadaiwi kodi.
Yeye hufuata nyuma, huhesabu vitanda vilivyobaki,
hupima kinyesi, huandika.
Wiki iliyopita, kumi na viwili.
Juzi, kumi na kimoja.
"Ndiyo kazi yako? Kuhesabu vitanda?"
"Ndiyo," akasema. "Na kukingoja cha kumi na mbili."

Hapo ndipo ningeufungua ule pindo.
Lakini nilikikumbuka kitanda chake cha nyumbani,
sisi sita tukibanana sakafuni,
na mama kila Jumamosi akibadilisha shuka,
akilaza mto, akilainisha mkunjo kwa kiganja,
asiruhusu hata mgonjwa kukilalia.
Nikaufunga zaidi.

Usiku wa manane haja ikanitoa nje.
Giza la Kadutu lina matundu:
simu ya mtu, redio ya jirani, sigara ya mlinzi.
Hili lilikuwa limefumwa bila kosa.
Kitu kikapiga ukelele juu ya mti,
mlango wa chuma ukivutwa na mlevi,
nikarudi mbio bila kumaliza.
"Perere," Nabintu akaniambia gizani.
"Hakuzidi sungura. Analia hivyo kila siku,
na sisi kila siku tunashtuka."
Akanisogezea nusu ya blanketi.
Lilinuka mafuta ya bunduki na tangawizi.

Nilipoamka walikuwa wameshaondoka.
Ukungu ulikuwa umekaa mlangoni kama mdai.
Viatu vyangu vilikauka,
ndani yake amesokota karatasi kuukuu
visije vikajikunja.
Nikazikunjua kwenye goti, mwandiko wake uleule
wa darasa la nne, herufi zimeegemea mvua:
Vitanda 12. Vitanda 12. Vitanda 12.
Nikazitia kwenye kitenge,
zikalala pamoja na maneno ya mama.

Jioni mama alikuwa mlangoni,
karibu na gunia langu ambalo sikulifungua siku ile
(wala kesho yake; keshokutwa nililifungua, watoto wanakula).
"Umemwambia?"
Nikasema: "Ameuliza kama bado unatandika."
Hakuwa ameuliza.
Mama akaingia ndani bila neno,
na ingawa ilikuwa Jumatano,
nikasikia shuka likikung'utwa.